Mkono wa Kikaragosi

Wapendwa, leo nina neno na wenye wivu, kwa hiyo sitegemei mtu asinzie.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchonga. Alichonga kikaragosi cha maigizo kwa mti wa mninga, bibi kizee mwenye makunyanzi. Kilikuwa na fimbo moja ya kushikia mwili na vijiti viwili vya kuchezesha mikono, na wachezaji walijificha chini, nyuma ya pazia. Mdogo wake ndiye aliyeshika fimbo na kutoa sauti ya bibi. Fundi mwenyewe alishika vijiti.

Sasa watu ni watu. Igizo likiisha, walimkimbilia nani? Mwenye sauti. Mdogo mtu anabebwa juu juu, fundi amebaki anakunja pazia. Ungekuwa wewe usingeumia? Aliumia jamani, moyo ulimchoma. "Uso nimechonga mimi, vidole nimepiga msasa mimi. Yeye ana nini zaidi ya mdomo?" Ikafika mahali hata chakula cha nyumbani kwa mdogo wake hakimpiti kooni.

Ikaja sikukuu ya mavuno, uwanja umefurika. Fundi akasema moyoni, leo utaumbuka. Bibi alipotakiwa kumbariki mjukuu wake anayeoa, fundi akauachia mkono wa kulia ukaning'inia, akainua wa kushoto peke yake. Bibi abariki kwa kushoto? Watu wakaanza kuguna. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mdogo wake aliutazama ule mkono, kisha akaendelea kwa sauti ya bibi: "Mjukuu wangu, wa kulia unaumwa, hauinuki tena. Sogea nikubariki kwa huu niliobakiwa nao. Mungu anaelewa."

Watu wazima wakafuta machozi. Na fundi kule nyuma akazidi kuungua, yaani hata hapo huyu kapendwa.

Walipotoka, akaja mama mmoja aliyepooza upande mmoja. Akauliza nani alikuwa anachezesha mikono. Mdogo mtu akamsogeza kaka yake mbele. "Ni kaka yangu huyu, mama. Na bibi kamchonga yeye."

"Ahsante, baba," yule mama akasema. "Tangu nipooze, watu wanakwepa kuutazama mkono wangu. Leo wameutazama."

Umati ukampigia fundi makofi, na wengine wakataka kumbeba. Si ndicho alichokililia miaka yote? Mbona hakuweza kuinua uso?

Walipobaki wawili, akamwuliza mdogo wake, "Ulijua nimeuachia makusudi?"

"Nilijua, kaka."

"Sasa mbona hukunisema?"

"Niliwaambia mkono unaumwa. Ningewaambia nini, kwamba kaka yangu ananichukia?"

Ndugu zangu, sisi ndio yule fundi. Mwenzetu akiimba vizuri tunakohoa. Jirani akiezeka tunauliza mabati kayapata wapi. Wala hatutaki kile alicho nacho, tunataka tu asiwe nacho. Tena tunajidanganya kwamba hajui. Anajua. Huyo unayemwonea kijicho anakujua vizuri sana, na wakati wewe unamtafutia aibu mbele za watu, yeye alishaificha ya kwako. Mwombe radhi leo, maana kwa Mungu hakuna pazia la kukufichia.