Bangili ya Mama Mkwe

Bwana Mpangala, mwenye kiwanda cha kamba za katani, alipiga marufuku kuzima mashine hata nyuzi zikinasa kwenye rola. "Chomoeni kwa mkono, huku inazunguka!" alifoka. Kidole cha Mhando, mmoja wa wafanyakazi, kilikuwa kimeshakatika hivyo hivyo.

Tausi, mpika chai, hakubishana naye. Siku mama mkwe wa bosi alipokuja kutembea kiwandani, Tausi alimkaribisha chai pembeni, wakapiga soga. Mara Tausi akapiga ukelele.

"Bosi! Bangili ya mama imedumbukia kwenye rola!"

"Aliniachia marehemu," mama mkwe akalia. "Nitolee, baba."

Mpangala akawageukia wafanyakazi, lakini Tausi akamwahi. "Mali ya mkweo iguswe na nani, bosi, kama si wewe? Chomoa tu, huku inazunguka."

Mpangala akakunja mkono wa shati, akanyoosha vidole, akavitazama, akavirudisha. Jasho likamtoka.

"Zimeni! Zimeni haraka!"

Mashine ikanyamaza.

"Kumbe inazimika," akasema mama mkwe. "Basi iwe inazimwa kila nyuzi zinaponasa. Au vidole ni vyako tu?"

Angemkataliaje mkwewe mbele za watu? "Sawa, mama," akaitikia, akapiga magoti kuitafuta bangili.

Alipapasa mpaka Tausi akamletea chai. Bangili alikuwa ameivaa Tausi mwenyewe, na mama mkwe alikuwa hoi kwa kicheko.