Firigisi ya Bata Mzinga

Mtu mmoja alikuwa na karamu ya watu arobaini, na hakumwamini hata mmoja wao. Jina lake Ambakisye, kifungua mimba wa ukoo wake, mkazi wa Rungwe kwenye migomba na baridi. Kila Krismasi ukoo mzima ulikula kwake, na kwao karamu haikuwa karamu bila ndege mkubwa wa kuchomwa mzima. Firigisi ya ndege huyo haikuliwa ovyo. Mwenye nyumba huishika, akaiweka mkononi mwa mtu mmoja mbele ya wote, na tangu hapo lolote lililokuwa kati yao limekwisha. Hakuna hotuba wala kuombana radhi.

Mwaka huo wazee walimtaka ampe firigisi mdogo wake, Gwakisa. Ndugu hao hawakuwa wamekula sahani moja kwa miaka tisa, tangu ng'ombe wa Ambakisye alipokunywa maji kwenye birika la mifugo la Gwakisa, na kabla ya wiki kuisha akafa. Hakuna aliyeona sumu. Ambakisye hakuhitaji kuiona. Sasa Gwakisa alikuwa amesema kwamba hii ni mara ya mwisho kuitikia mwito wa karamu. Akirudi mikono mitupu, atawachukua wanawe waende kukaa kwa wajomba zao, na makaburi ya wazee atawaachia wengine wayapalilie. Ambakisye aliwajibu wazee kwamba amesikia. Kusikia hakumgharimu mtu kitu.

Akaenda sokoni kuchagua ndege. Alimpuliza mmoja manyoya ya kifuani aone ngozi, akamwacha kwa kuwa amenona mno, bila shaka ameshindiliwa pumba mbichi alfajiri ile. Wa pili alikuwa mtulivu, naye akasema amenyweshwa kitu. Wa tatu alirukaruka, akasema anafukuza kifo. Wa nne hakuwa na kasoro yoyote, na huyo ndiye aliyemtisha kuliko wote, maana muuzaji wake alikuwa anatabasamu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bwana huyu hakuwa ameumwa na nyoka yeyote, ila ung'ongo alishauona mwingi. Alirudi nyumbani mikono mitupu mara tatu, na mkewe Tumpe akaacha kumuuliza.

Zikiwa zimebaki siku kumi, Gwakisa alifika mwenyewe mlangoni akiwa amembeba bata mzinga dume, mweusi, mwenye manyoya yanayong'aa kama viatu vya Jumapili. Alimweka chini, akasema ni wa karamu, akaamkia, akaondoka. Ambakisye alisimama akimtazama yule ndege. Mbona ameleta dume na si jike? Mbona yule aliye bora kuliko wote bandani kwake? Na mbona hakukaa hata anywe chai? Angekaa, Ambakisye angejiuliza mbona amekaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mkewe, kama alivyomwambia kila wiki tangu wafunge ndoa.

Hakumfukuza ndege, kwa kuwa wazee wangesikia. Aliamua kumchunguza. Alimfungia peke yake kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jiko, mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, fupi, asije akajificha gizani akafanya asiyotaka yaonekane. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, ili lawama isimwangukie mtu mwingine. Alimpa konzi moja ya mahindi asubuhi, basi. Alijiambia kwamba mgonjwa hata kidogo humshinda, na mzima atadai zaidi. Maji alimpa ya kulowesha mdomo tu, maana ng'ombe wake aliponzwa na maji.

Ndege alidai zaidi. Ambakisye aliusikia mlio ule akasema, "Unasikia? Ana maumivu." Siku ya tatu Tumpe alimpelekea mchicha, naye akaukuta na kuutupa, akimwambia mkewe asimharibie uchunguzi. Siku ya tano ile nyama nyekundu inayoning'inia shingoni mwa ndege ilikuwa imepauka. Siku ya saba ndege alinyamaza. Kila asubuhi Ambakisye alichungulia kwenye ufa wa mbao, na kila asubuhi moyo wake ulifurahi zaidi. Tuseme ukweli, alifurahi. Ilikuwa furaha ya mtu anayeona kwamba hakukosea, na mwezi ule wote hakuonja kitu kitamu kuliko hicho. Akawatumia wazee ujumbe: msiniulize neno, siku ya Krismasi mtajionea wenyewe mlichotaka nikile.

Siku ikafika. Watu walitoka kanisani wakajaa uani, arobaini na zaidi, moto umeshakolezwa na mkaa umeiva. Gwakisa alikaa ukingoni na mkewe na wanawe, amevaa koti lake la harusi. Ambakisye alimtoa ndege mwenyewe, kamba ikiburuta nyuma. Ndege alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Watu waliguna. Alimchinja hapo hapo, akampasua, akaitoa firigisi na kuinyanyua juu ili hata wa nyuma waione.

"Firigisi haifichi," alisema. "Leo mtajua ndugu yangu ananilisha nini."

Akaipasua. Alitazamia unga mweupe, au mzizi, au kijikaratasi kilichokunjwa. Ndani hamkuwa na kitu cha namna hiyo. Mlikuwa na changarawe, na fundo la nyuzi za katani, zimesokotana na kulowa. Ile kamba mguuni ilikuwa imedonolewa hadi kubaki nusu ya unene wake, na hakuna mtu pale ambaye hakuitambua, kwa kuwa ncha yake ilikuwa na rangi ya buluu ambayo Ambakisye hupaka kamba zote za mbuzi wake, akihofia wezi.

Gwakisa alisogea, akachuchumaa, akaushika mguu wa ndege pale kamba ilipokula nyama. Hakupandisha sauti.

"Kwangu alikula mahindi, kaka," alisema. "Kamba amekula kwako."

Kisha akamwita mkewe na wanawe, wakaondoka. Waliobaki walikula ndizi na maharage, wakila upesi kama watu walio msibani. Tumpe aliwapakulia wote, akampita mumewe. Ambakisye alikuwa bado amesimama na firigisi kiganjani, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Alipozitazama zile nyuzi alimkumbuka ng'ombe wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alimkumbuka vizuri. Yule ng'ombe hakufa siku aliyokunywa maji ya Gwakisa. Alikufa siku ya sita, nyuma ya nyumba, amefungwa kwenye nguzo, amenyimwa majani na maji, kwa sababu Ambakisye mwenyewe alitaka kuona kama amekula sumu.

Ndugu zangu, mnajua bata ni nani na kibanda ni nini, kwa hiyo sitawafasiria. Nawauliza jambo moja tu. Yule mtu wako unayemchungulia kila asubuhi ufani, unayesema mwaka hadi mwaka anadhoofika kwa ubaya wake mwenyewe, mara ya mwisho ulimpa nini ale?