Kwa Nini Kifua cha Mpagazi wa Shaba Hung'aa

Ukimwuliza mzee Kilelu wa Mwarughi kwa nini sanamu ya mpagazi inang'aa kifuani peke yake, kwanza atataka kujua umetumwa na nani. Akisharidhika kwamba wewe si mtu wa serikali, atakusimulia hivi.

Hapo kale, sanamu tatu za shaba za kumbukumbu ya vita zilikuwa na weusi mmoja tangu utosini hadi chini: askari wawili wenye bunduki, na mpagazi mmoja mwenye mzigo, aliyejitanda shuka refu la kufagia ardhi. Hakuna aliyetaka kuzigusa. Waendao sokoni walizunguka nyuma ya maghala ili zisiwaone.

Walikuwa na sababu. Vita vya Wazungu viliwazoa wanaume wa milima ile wakabebeshwe mizigo, na waliorudi walihesabika kwa vidole. Na desturi ya huko ilikuwa kali: mtu hajafa mpaka kichwa chake kiwekwe pangoni pamoja na wazee wa ukoo wake. Kabla ya hapo mkewe hanyoi nywele wala hatoi chozi, maana kumlilia ni kumwua. Mkawasi, mke wa Mwandoe, alikuwa amekaa miaka tisa hivyo, si mke, si mjane. Hakutaka kitu kingine duniani ila ruhusa ya kulia.

Siku turubai lililozifunika sanamu mpya lilipovuliwa, Mkawasi alishtuka. Mpagazi yule alibeba mzigo begani kushoto. Wanaume wote aliowajua walibeba kulia, isipokuwa Mwandoe wake. Huyo aliyeichonga alimwonea wapi? Akasogea, akakigonga kifua kwa kifundo cha kidole, kama mtu anunuaye chungu. Kikalia. Kitupu!

"Mtu hafinyangi chungu bila kuwa na cha kutia," aliwaambia wenzake sokoni. "Wazungu wamevificha humo vichwa vya waume zetu."

Neno likaenea. Chifu alisema ni upuuzi wa wanawake. Bwana shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, akaweka askari wa kulinda, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwani hata waliokuwa wakimcheka Mkawasi sasa walinong'ona: kama hamna kitu, mlinzi wa nini? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kila siku ya soko Mkawasi alikuja, akagonga, akatega sikio. Askari yule, Mwachia, kijana wa huko huko milimani, alichoka kumfukuza.

"Mama, nenda nyumbani. Hili ni dude la shaba tu."

"Kama ni shaba tu, mwanangu, unalilinda lisiende wapi?"

Tangu hapo Mwachia naye akaanza kuitazama sanamu kwa jicho la pembeni.

Masika yaliyofuata yakamomonyoa msingi, mpagazi akainama. Fundi akaja na minyororo, akafungua boliti, akamlaza chali mchana kweupe. Chini ya lile shuka palikuwa wazi, tundu la kupitisha mabega ya mtu. Mkawasi alikuwa pale pale. Mwachia akampa kisogo, akajifanya anatazama njia.

Mkawasi akaingiza kichwa na mikono. Akapapasa. Vumbi. Hakuna mfupa, hakuna hata jino.

"Mwandoe!" aliita.

Ikamrudia sauti yake mwenyewe. Basi akajua. Hawakuvificha. Hawakujisumbua hata kuvificha. Waliwaacha njiani walikoanguka, wakaleta hili tupu badala yao. Kilio cha miaka tisa kikamtoka, nayo shaba ikakipokea, ikakivumisha soko zima.

Wazee walikuja mbio kumkemea kwa kuvunja mwiko. Walikuta wanawake wamewatangulia. Walikuwa wamejipanga mstari, kila mmoja akisubiri kuingiza kichwa na kumlilia wake kwa jina. Mlinzi wa pango la ukoo, mzee mkali asiyecheka na mtu, alisimama akiwatazama mpaka wa mwisho.

"Waacheni," alisema. "Pango ni pango, hata la shaba."

Mkawasi alinyolewa siku hiyo hiyo. Mpagazi aliposimamishwa tena, wanawake walimzunguka fundi, wakamtaka akaze kila boliti mbele ya macho yao, kisha wakazijaribu moja moja kwa mikono yao wenyewe.

Na tangu siku hiyo, hakuna mtu wa Mwarughi anayempita mpagazi bila kumgonga kifuani na kutega sikio. Vifundo vya vidole ndivyo vilivyoondoa weusi ule, hata kifua kikang'aa, ilhali wale askari wawili wamebaki weusi vile vile. Wageni hudhani watu wanatafuta baraka. Si baraka, asema mzee Kilelu. Wanahakikisha kwamba wanaume wao bado wamo, maana walishachukuliwa mara moja.