Nyamizi na Mikia ya Vijibwa

Sogeeni. Sogeeni tena. Kwanza kila mtu alambe kidole aape kwamba haya hayatoki hapa, maana wajukuu wa mkwe mtakayemsikia humu bado wapo na tunachota nao maji. Umeapa? Na wewe wa nyuma? Haya.

Nikiita, mnaitika.

Hadithi iko mlangoni!

Ifungulie iingie!

Zamani, zamani sana, wanyama wanaongea na watu wanajibu, alikuwepo mama mmoja jina lake Nyamizi. Alikuwa na binti mmoja tu, Kalunde, na Kalunde ana mimba ya kwanza, tumbo hilo, limetangulia mlangoni yeye bado yuko jikoni.

Sasa mnajua, mimba ya kwanza mtu anazalia kwa mama yake. Na mzazi lazima anywe mchuzi wa kuku, damu irudi, maziwa yajae. Mkwe wake Kalunde, mwanamke ana mdomo yule, akaleta maneno: kuku wakikosekana hapo, anamchukua mkamwana wake akazalie kwake. Nyamizi akalia. Mtoto mmoja tu, halafu azalie kwa watu?

Na kuku wenyewe wanaisha. Asubuhi anakuta manyoya, kuku hayupo. Nyie nawaambia, yeye hakujua: mwizi alikuwa Nguchiro, jirani yake, kembamba, macho mekundu, salamu nyingi. Anapita katundu kadogo chini ya banda. Majibwa makubwa ya kijiji yalikuja, yakabweka, vichwa havipiti. Yakaenda zao.

Nyamizi akasikia ng'ambo ya mto yuko Mama Kijibwa, mbwa mdogo wa mbegu ndogo, akisimama hakufikii goti, kazaa watoto wawili. Akaenda. Akabeba wa kwanza, akainua mkia: dume. Akabeba wa pili, akainua mkia: jike. Akakuna kichwa, akarudi kufikiri.

Nguchiro akamkuta kwenye kinu. Akamwambia achukue dume, jike atamjazia nyumba watoto. Nyamizi akashukuru. Asubuhi, manyoya.

Akaenda mara ya pili. Njiani Nguchiro huyo, eti amefikiri tena. Dume akikua anafuata majike vijiji vya mbali, banda anamwachia nani? Bora jike. Nyamizi akafika kwa Mama Kijibwa, akainua mikia tena, kama vile ingekuwa imebadilika! Jamani mbavu zangu. Akarudi mikono mitupu. Asubuhi, manyoya.

Nguchiro akaja na la tatu. "Dada, jambo hili zito. Linataka kikao."

Kikao kikaitwa. Nyamizi akavua kanga ya juu, akamtandikia Nguchiro akalie. Jogoo akasema dume, ana sauti. Kuku wakasema jike, anatulia nyumbani. Mbuzi akasema lolote, mradi lisimng'ate. Wakabishana mpaka povu. Nguchiro akaomba ruhusa akajisaidie, akazunguka nyuma ya banda, akarudi anajifuta mdomo. Kikao kilipokwisha, kuku waliobaki ni wa kuhesabu kwa mkono mmoja.

Nyamizi akajifunga ile kanga, akaenda mara ya tatu analia. Akataka kuinua mikia. Mama Kijibwa akamzuia.

"Mwenzangu, wanangu umewaangalia nyuma tu. Kaa chini, nao wakuangalie."

Akakaa. Dume likampanda mapajani, likapiga mwayo, likalala, joto kama kiazi cha majivuni. Jike likanusa kanga. Likanusa tena. Manyoya ya mgongo yakasimama, likatoa mngurumo mkubwa kuliko lenyewe. Likashika njia, pua chini, Nyamizi nyuma, kanga inafunguka hajali.

Halikusimama mpaka kwenye banda. Likaingia kwenye katundu, likapotea lote na mkia. Kukasikika kishindo, vumbi, mayowe. Kijibwa, ngumi moja tu ya mbwa, kikarudi kinyumenyume kinamburuta Nguchiro kwa mkia, manyoya ya kuku yamemjaa mdomoni.

"Dada," Nguchiro akasema, "nilikuwa nawalinda."

Akachomoka akakimbia, nusu ya mkia kaiacha. Mpaka leo akiona kijibwa hangoji kuuliza kama ni dume au jike.

Na lile dume, msilidharau. Mzee Kapela jirani, miguu yake baridi kama jiwe la mtoni, akaliomba. Likamlalia miguuni, mzee akapata usingizi alioukosa miaka. Mzuri yule, mzuri.

Kalunde akazaa kwa mama yake. Mchuzi ukapikwa, mafuta yanaelea juu. Mkwe akaja na mdomo wake, akakagua chungu, akakifunika tena. Akiwa bado mlangoni akauliza, "Wa kiume au wa kike?"

Nyamizi akamwambia, "Ingia kwanza umpakate."

Basi ngano inatufundisha: ukichagua wa kuishi naye, kaa naye, mtazame tabia na moyo. Na ukiona mtu anawabishanisha mpaka mnasahau kazi, tazama anajifuta nini mdomoni.

Ngano imekwisha kama uji chunguni, aliyeramba karamba, aliyelala kalala. Mimi kanisimulia Mama Msabila, yule anayekaanga karanga karibu na mashine ya kusaga.