Siku Nyani Alipotafsiriwa

Ngano, ngano, iko mlangoni.
Ifungulieni iingie!
Ikiingia itakaa wapi?
Masikioni mwetu!
Basi tulieni, imeshavua viatu.

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na msitu katikati ya mji. Kulia barabara, kushoto barabara, magari honi kwa honi, na katikati miti tu. Watu wa mji waliutengea msitu ule njia za kutembelea kwa miguu, na kila wiki watoto wa shule waliletwa kujifunza: huu mti gani, yule ndege gani, kwa nini tusitupe taka. Aliyewatembeza ni mama mmoja mpole, Bi Nyevu.

Katika msitu ule aliishi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, ukubwa wake kama sungura, masikio yake kama ya panya. Alikaa kwenye ufa wa jiwe kando ya njia, na kila Bi Nyevu alipofundisha, Pimbi alisikiliza. Alisikiliza wiki hii, akasikiliza wiki ile, mpaka akaijua lugha ya watu.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Miti yote ilikauka matunda, ukabaki mkuyu mmoja, umezaa mpaka matawi yanainama. Na chini ya mkuyu alikaa nani? Nyani dume, kifua kama pipa, meno kama misumari.

Akaja Kindi, akaomba kuyu moja. Nyani akamwambia, "Mkuyu wangu, kivuli changu, makuyu yangu." Kindi akaondoka, tiki tiki tiki.

Akaja Ninga, akaomba hata lililooza. "Mkuyu wangu, kivuli changu, makuyu yangu." Ninga akaruka, puru puru puru.

Akaja Pimbi na mkewe na watoto wao, matumbo yamebonyea kama mipira iliyotoka upepo. Nyani akawajibu yale yale, mdomo umejaa, juisi inamchuruzika kidevuni.

Wala makuyu hayakumtosha. Watoto walipopita wiki iliyotangulia, Nyani aliruka njiani, pwaa, akampokonya msichana mmoja, Kadzo, mkoba wenye sambusa zake. Mtoto alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Pimbi aliwasikia walimu wakisema kwamba nyani yule akirudia tena, hawataleta watoto msituni. Pimbi akahuzunika. Njaa ilimuuma tumboni, na habari ile ikamuuma moyoni, maana aliwapenda wale watoto na maswali yao.

Siku ya watoto kurudi, Pimbi alimwendea Nyani asubuhi, akamwamkia kwa heshima. Akamwambia kwamba yeye anaelewa lugha ya watu, na kwamba watu wale hawaji kuona miti. Wanakuja kumwona mfalme.

"Mfalme gani?" Nyani akauliza.

"Mfalme yupi mwingine mwenye kifua kama hicho?"

Nyani akajitazama kifua. Akakipapasa. Kweli, kilikuwa kikubwa.

Pimbi akamweleza kwamba binadamu hawamwamini mfalme anayetafuna. Mfalme hukaa juu ya jiwe kubwa, kule ng'ambo ya bwawa penye jua, akatulia. Nyani akauliza makuyu yake atayaacha na nani. Pimbi akamjibu kwamba makuyu hayana miguu, na tena nani atathubutu? Nyani akaona ni kweli. Akaenda, akapanda jiwe, akakaa. Pimbi akasimama chini yake, mkalimani wa mfalme.

Watoto wakaja, shwata shwata shwata kwenye majani makavu. Bi Nyevu akawasimamisha mbali, akasema, "Huyo ndiye aliyempokonya Kadzo. Fungeni mikoba, msimsogelee, na msimwoneshe meno."

"Anasemaje?" Nyani akanong'ona.

"Anasema hajaona uso kama huo tangu azaliwe."

Bi Nyevu akasema nyani mwenye tamaa huwaharibia wenzake wote msituni.

"Na sasa?"

"Anasema bila wewe msitu huu ungekuwa kichaka tu."

Nyani akajinyoosha. Bi Nyevu akawaambia watoto watoe karatasi wamchore. Wakakaa, wakachora. Na kule kwenye mkuyu, nyuma ya mgongo wa mfalme, chaka chaka chaka! Kindi yumo, Ninga yumo, mke wa Pimbi yumo na wanawe, kila mwenye mdomo yumo.

Ghafla upepo ukageuka. Harufu ya sambusa ikampiga Nyani puani. Pua ikacheza. Akauona mkoba wa Kadzo. Kadzo naye akamwona anavyoutazama, akauvuta mkoba karibu. Nyani akashusha mguu mmoja.

Pimbi akasema polepole, "Bwana mkubwa, yule binti ndiyo kwanza anakichora kichwa chako. Ukishuka sasa, utabaki karatasini bila kichwa. Mfalme asiye na kichwa atatawala nini?"

Nyani akafikiri. Akaurudisha mguu. Akatulia tuli, kama jiwe lenyewe. Kadzo akarudi kuchora, akamaliza kichwa, akamwongezea na taji, akacheka.

Watoto walipoondoka, Nyani alirudi mkuyuni. Akatazama juu: majani. Akatazama chini: vikonyo vya makuyu na Kindi, ameshiba mpaka hawezi kupanda mti. Nyani akamtimua Pimbi, kishindo puu puu puu, Pimbi akajipenyeza ufani, chwii. Mkono wa Nyani haukuingia.

Pimbi akasema kutoka ndani, "Bwana mkubwa, kuna neno moja la Bi Nyevu sikukutafsiria. Alisema nyani ni mnyama mwenye akili nyingi. Nilitafuta jinsi ya kulisema, nikashindwa."

Nyani akanuna mpaka jioni. Lakini watoto waliporudi wiki iliyofuata, hakuna aliyemwita wala kumshauri. Alichana manyoya yake kwa vidole, akapanda juu ya jiwe mwenyewe, akakaa akiwasubiri.

Ngano yangu imechoka, inataka kulala. Iliyo tamu chukueni, iliyo chachu niachieni. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye nguvu ndiye anayefaidi siku zote. Nyani alichorwa picha na darasa zima. Pimbi masikini hakuchorwa hata moja, alishiba tu.