Siku Wana Tope Walipomwimbia Chui

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa imetoka puani. Watoto wameitika, wakubwa wanatazama kucha zao. Turudie. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, nyani alipokuwa msemaji kuliko wanyama wote, palikuwa na bwawa. Bwawa la Kiludi. Maji yake matamu, ukingo wake mbaya. Ng'ambo ya bwawa palikuwa na jabali, na juu ya jabali alilala Chui.

Utakunywaje maji Chui akiwa jirani? Ukiinama, macho yako yako majini. Masikio yamejaa koo lako mwenyewe: gudu, gudu, gudu. Hapo ndipo unapoliwa.

Ndiyo maana bendi ilipendwa. Vyura watatu, wanaitwa Wana Tope. Mzee Kororo, mwimbaji, sauti kama mawe yanayoburutwa. Dumbwi, mpiga tumbo lake mwenyewe. Na Mkwaruzo, aliyekwaruza gome kwa kijiti hadi meno ya wasikilizaji yakauma. Walipoanza, majani yalitikisika:

*Kroo, kroo, mwenye meno tunakuona!*
*Kroo, kroo, ukija tunakuona!*

Na vyura, kama mjuavyo, wakisikia hatua hunyamaza. Papo hapo, katikati ya neno. Basi ikawa sheria ya Kiludi: bendi ikilia, kunywa, bendi ikinyamaza, kimbia. Kila mtoto aliijua sheria hiyo kabla hajajua jina lake.

Shabiki wao mkubwa alikuwa Bi Digidigi. Mama yake alikunywa maji kwa wimbo huo. Yeye mwenyewe aliposwa pale ukingoni, kwenye ubeti wa pili, mume akarudia maneno mara tatu kwa sababu ya tumbo la Dumbwi. Kisha kiangazi kilichopita mume akainama kunywa, bendi inalia, na Chui akaja. Bendi ikaendelea kulia. Chui akaondoka na mume, bendi bado inalia.

Watu wa Kiludi wakasema ni upepo. Bi Digidigi naye akasema ni upepo. Akabaki na binti mmoja, Chozi, aliyeitwa hivyo kwa ile alama nyeusi chini ya jicho. Akampeleka Chozi kunywa palepale, kwa wimbo uleule. Shabiki ni shabiki.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja wanyama wakafika bwawani, wakakuta kimya. Tope lipo, gome lipo, vyura hawapo. Kunguru akatua. Kunguru huyu alikuwa hawezi kukaa na habari tumboni hata kwa muda wa kumeza mate.

"Wamehama," akasema.

"Nani wamehama?" akauliza Ngiri.

"Wana Tope. Wako kwa Chui."

"Kwa Chui wanafanya nini?"

"Wanamwimbia."

Ngiri alikuwa anatafuna mzizi. Mzizi ukaanguka. Hakuna aliyecheka, maana papo hapo wimbo ukaja juu ya maji, polepole, laini kama uji wa mgonjwa:

*Lala, mwenye madoa, lala.*
*Jua kali, lala.*

Dumbwi, yule Dumbwi, alikuwa analigusa tumbo kwa kidole kimoja. Tu. Tu. Tu.

Bi Digidigi akaduwaa. Miguu minne, yote ikasahau kazi. Mwenye madoa ndiye aliyemla mumewe, na Mzee Kororo anamwambia jua kali, lala. Akamtazama Chozi. Akatazama maji. Sheria inasema bendi ikilia, kunywa. Haikusema kitu juu ya bendi inayomlilia Chui.

Siku hiyo wakarudi na kiu. Siku ya pili wakarudi na kiu. Siku ya tatu Chozi akaanza kulamba mawe. Basi siku ya nne, jua la mchana, wote wakashuka bwawani. Wakaanza kunywa. Wakaanza na kubishana. Chozi akainama, akanywa. Wakubwa wakanywa funda moja, wakasema maneno kumi.

"Wamenunuliwa," akasema Nyani. Alikuwa amepanda juu ya jiwe, kwa kuwa mawazo yake yalihitaji kimo. "Mimi sishangai. Mimi niliwajua tangu wakiwa viluwiluwi. Wakati ule ndipo walipokuwa na sauti ya kweli."

"Viluwiluwi hawaimbi, mzee," akasema Ngiri.

"Ndiyo maana nasema hukuwaelewa."

"Mimi nilielewa kunywa maji. Na hata sasa, jamani, wale ni wazee. Kule kuna kivuli, kuna inzi wanono. Ningeitwa mimi, ningekwenda."

"Wewe ungeitwa ungeliwa," akasema Kunguru.

"Mzee hana haki ya kukaa kivulini?"

"Kivuli cha nani?" Huyo alikuwa Bi Digidigi. Hakuwahi kupaza sauti maishani, na sasa aliipaza mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Kivuli cha nani, Ngiri? Yule alimla baba wa Chozi mbele ya macho yao. Nikavumilia. Nikasema ni upepo. Leo wanamwita mwenye madoa?"

"Si matusi, shemeji. Madoa anayo."

"Usiniite shemeji."

"Mama," akasema Chozi.

"Ngoja, mama anaongea."

"Tena wimbo wenyewe," akaendelea Nyani, "hauna gome, hauna tumbo. Huo si wimbo, huo ni usingizi."

"Mama, wame..."

"Chozi, nimesema kunywa maji. Ngiri, nijibu. Wamenunuliwa au hawajanunuliwa?"

"Mimi ndiye nitakayejibu," akasema Nyani, akajinyoosha juu ya jiwe, kifua mbele. "Jibu ni moja tu, ndugu zangu. Vyura hawa wame—"

Fyuu. Puu.

Kitu cha manjano kikapita juu ya kichwa cha Chozi. Chozi alikuwa ameshainua shingo, akaruka ubavuni kwa mama yake. Kile kitu hakikumpata Chozi, kikafikia jiwe. Jiwe likabaki tupu. Hadi leo hakuna ajuaye Nyani alitaka kumalizia vipi.

Wanyama wakatawanyika, parakacha, parakacha. Walipokuja kukusanyika nyuma ya vichaka, hakuna aliyeweza kufumba mdomo. Kisha Kunguru akasema, "Mmeona? Marehemu alisema kweli. Wametuuza." Na ng'ambo ya maji, Chui akiwa ameshiba na kurudi jabalini, ule wimbo laini ukaanza tena. *Lala, mwenye madoa, lala.*

Bi Digidigi akasikia, na kichwa kikawaka moto. Akamwacha Chozi kwa Ngiri. Akalizunguka bwawa, hatua kwa hatua, mpaka chini ya jabali. Juu yake mkia wa Chui unaning'inia. Chini yake vyura watatu. Kwa karibu walikuwa wadogo kuliko alivyowadhania, na ngozi zimewanyauka.

Shikamoo hakutoa.

"Mmetuuza," akasema kwa mnong'ono.

Dumbwi na Mkwaruzo hawakuacha kuimba. Mzee Kororo akamsogelea. "Mwanao mzima?"

"Mzima. Si kwa hisani yenu. Nyani amekufa nanyi mnaimba."

"Tulinyamaza," akasema Mzee Kororo.

"Hamkunyamaza."

"Alipofumbua jicho tulinyamaza, katikati ya neno. Alipojinyoosha tulikuwa tumenyamaza. Alishuka jabalini, akalizunguka bwawa lote kwa mguu, sisi kimya. Nikasema moyoni, sasa wanakimbia. Kumbe nyinyi mko palepale, na sauti yako naisikia mpaka huku. Ulikuwa unauliza kama tumenunuliwa."

Bi Digidigi akageuka kutazama ng'ambo, alikomwacha Chozi. Akakumbuka: Mama. Mama, wame. Neno la mtoto alilolikata kwa meno yake mwenyewe.

"Mbona mlihamia huku?" akauliza mwishowe.

Mzee Kororo akatazama maji. "Mumeo," akasema. "Siku ile haukuwa upepo. Sikumsikia Chui. Masikio yamezeeka, mwanangu. Zamani nilimsikia akikanyaga jani ng'ambo ya bwawa. Siku hizi nikitaka kujua kama ameamka, sharti nikae chini ya tumbo lake. Na ukikaa chini ya tumbo la Chui huimbi ya mwenye meno. Unaimba ya kumlaza."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungemtuma nani? Kunguru? Chui angepata habari kabla yenu."

Kisha Bi Digidigi akauliza, kwa sababu shabiki huuliza tu, "Na wale inzi wa huku?"

"Wanono," akasema Mzee Kororo. "Sikatai."

Juu yao mkia ukacheza kidogo. Vyura watatu wakameza wimbo, gubu. Bi Digidigi akasimama kama jiwe. Mkia ukatulia. Tu, tu, tu, Dumbwi akaanza tena.

"Shikamoo, Mzee Kororo," akasema Bi Digidigi.

"Marahaba. Nenda ukamnyweshe mtoto, tungali tunaimba."

Akarudi. Kesho yake wanyama wakashuka tena bwawani, maana kiu haina msiba. Kunguru tayari alikuwa juu ya lile jiwe la marehemu, anaeleza alivyowajua Wana Tope zamani. Wengine wakasema wamenunuliwa. Wengine wakasema wamekodishwa tu.

Ngiri akamgeukia Bi Digidigi. "Wewe ulikwenda kwao. Hebu sema. Wamenunuliwa?"

Bi Digidigi alikuwa na jibu lote, limemjaa hadi kooni. Akamtazama Kunguru, na Kunguru akainamisha kichwa pembeni, tayari kulipokea. Akalimeza.

"Kunywa maji, shemeji," akasema. "Kunywa kimyakimya."

Ngiri akastaajabu, lakini akainama. Mama akasogeza bega, Chozi akainama pia. Na yeye Bi Digidigi hakunywa. Alisimama juu ya mtoto wake, masikio yote mawili yameelekea jabalini, anausikiliza wimbo asioupenda, neno kwa neno, mpaka Chozi akashiba.

Funzo lake ni hili, na ni lenu zaidi, wakubwa: anayeshughulika kumhukumu mwimbaji hausikii wimbo, na siku wimbo unaponyamaza ndiye wa mwisho kujua. Na mtoto akisema "mama", itika kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni, na maji yamebaki. Mkikutana na Kunguru njiani, sikuwaambia kitu.