Mwimbaji Aliyetengeneza Pua

Kulikuwa na dada mmoja, mwimbaji wa kwaya. Wapenzi, yule dada alikuwa na pumzi! Ubeti mrefu aliumaliza bila kukata, na wazee wakatafuta leso mifukoni. Basi kwaya ikatoa video. Watu wakausifu wimbo, lakini yeye hakuona ila pua yake. "Imejaa kioo kizima," akalalamika.

Mnacheka? Wewe ukioneshwa picha ya pamoja, unamtafuta nani kwanza?

Akaenda kwa daktari wa upasuaji. "Nipunguzie hapa, na huku pembeni pabane."

Daktari akamwonya, "Dada, nikibana sana, njia ya hewa nayo itakuwa nyembamba."

"Daktari, sikuja kwa habari ya hewa. Nimekuja kwa habari ya sura."

Akatia sahihi, akapasuliwa.

Pua ikatoka nzuri, tusiseme uongo. Kwenye video ya pili alipendeza kweli kweli, maana wimbo ulikuwa umerekodiwa studio kabla ya upasuaji. Kazi yake ilikuwa kuchezesha mdomo tu.

Kisha mama yake mzazi akafariki. Alikuwa ameacha neno: "Siku ya kunizika, aniimbie mwanangu." Dada akasimama kando ya jeneza. Pale hakuna studio. Akavuta hewa kwa pua, haikuja. Akavuta tena, pua ikajifunga, na machozi yakaziba kilichobaki. Mwalimu wa kwaya akamnong'oneza, "Vutia mdomoni!" Akavuta, akapaliwa, akakaa chini. Mama akazikwa bila wimbo wake. Jamani, inauma.

Sisemi kupasuliwa pua ni dhambi. Wapo waliopasuliwa ndipo wakapata kulala usingizi. Na yule dada mwacheni, ana msiba. Nasema na sisi. Mungu alipompa mtu uhai, pumzi aliipitishia wapi? Si puani?

Sasa tazameni kanisa letu. Sare tatu kwa mwaka mmoja, mapazia mapya, kamera mbili. Na maombi ya Jumatano? Tumeyabana yakawa robo saa, ili kamati ya sare ipate nafasi ya kikao. Wageni wakija wanatusifu. Msiba ukija, nani kati yetu ataweza kuomba?

Mwenyekiti wa kamati, nakuona, usiiname. Jumatano hii hakuna kikao. Saa kumi kamili, sote hapa, magotini.